Fahali Mnono wa Ekuru

Ekwam alianza kama karani wa soko pale Lodwar, akaingia udiwani, na mwanzoni mwa 1993 madiwani wenzake wakamvika mkufu wa umeya. Mji wenyewe ulikuwa na lami kidogo na vumbi la kutosha miji mitatu, lakini meya ni meya. Alitembea kifua mbele, na ni mbuzi tu ambao hawakumpisha.

Huko kwao Lokiriama, mpakani na Uganda, walimdai jambo moja tu: Ekwam hakuwa ameingia asapan. Kwa Waturkana, mwanamume huwa mtu mzima siku anapomchoma fahali mkuki mbele ya wazee. Kabla ya hapo, hata ndevu zimfike kifuani, yeye ni mtoto, wala haketi na wanaume kula nyama. Tena mdogo hamtangulii mkubwa. Kwa hiyo mdogo wake, Ekuru, aliyebaki kuchunga mifugo ya baba yao, alikuwa akimngoja.

Kila kiangazi Ekuru alituma mtu kuuliza. Kila mara meya alikuwa na kikao, au wageni wa kutoka Nairobi, au uchaguzi unakaribia. Ukweli ni kwamba aliona haya. Mtu wa suti apakwe taka za tumbo la ng'ombe kifuani, madiwani wakichungulia? Akajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa si wewe unayengoja.

Mwisho wa 1997 akashinda kiti cha ubunge. Karamu ya shukrani ikafanywa Kakuma, kwenye mchanga wa mto mkavu, naye akaagiza fahali mnono kutoka zizi la nyumbani. Ekuru alimswaga mwenyewe njia nzima, akamfikisha.

Wazee wakaketi nusu duara kwa kufuata rika. Mheshimiwa akawekewa kiti cha plastiki kando, nyuma kidogo ya mstari wao, naye akajinyoosha tai akidhani ndiyo heshima. Kiti cha pili kilikuwa cha Madut, mkimbizi kutoka Sudan mwenye duka kambini, aliyealikwa kwa kuwa lori lake lilibeba wapiga kampeni. Kule motoni, pamoja na vijana, alikuwa Ekuru, mvi zimemjaa kichwani, akigeuza nyama na kuwapelekea wanaume.

Madut alimtazama kwa muda.

“Mheshimiwa, huyu mzee anachoma nyama ni nani? Mbona yeye hakai na wazee wenzake?”

“Ni ndugu yangu,” Ekwam akajibu. “Anapenda tu kuchoma nyama.”

Mzee mmoja akakohoa. Wengine wakatazama mchanga. Hapo ndipo Ekwam alipoangalia kiti chake na kiti cha Madut, akaona jinsi vilivyotengwa na mstari, akaelewa kwamba wazee walikuwa wamemweka mgeni na mtoto mahali pamoja. Aibu ikampanda mwili mzima. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na zaidi ya hayo alitamani Ekuru awe hajasikia.

Ekuru alikuwa amesikia. Alikuja na nyama, akachutama, akampa kaka yake kwa mikono miwili. Ekwam akatia kipande mdomoni ili apate la kufanya, kisha akamnong'oneza kwamba mwakani, bila kukosa, wataenda nyumbani waingie wote wawili.

“Kaka, ng'ombe ya asapan yangu ndio hii,” Ekuru akasema polepole. “Ulisema unataka ile mnono. Mimi nilikuwa na moja tu. Kula, isipoe.”

Nyama ilikuwa bado mdomoni. Watu walikuwa wakimtazama, na mshereheshaji alikwisha kumtaja jina, kwa hiyo Ekwam akameza. Akasimama, akawashukuru wazee kwa kutunza mila, akawaasa vijana wasiache ya wazazi wao. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake, na Ekuru akapiga makofi pamoja na vijana.