Kitalu cha Ndago

Mtu akikwambia anaotesha ndago, utadhani amechanganyikiwa. Sisi tuliolelewa na jembe tunaijua: leo unaing'oa, kesho imechungulia tena. Ndiyo maana majirani walimcheka mtunza bustani wa zahanati alipoipanda nyuma ya nyumba yake kwa mistari, kama mchicha.

Yake haikuwa ile ya shambani inayosambaa chini kwa chini. Ilikuwa ndugu yake wa porini: shungi fupi, bua la pembe tatu, na kiangazi kikikaza hukauka ncha tu. Aliichimbua mtaroni kabla greda halijapita. Sasa pale hamna kitu. Nyasi za zahanati zilikufa kwa mgao wa maji, vumbi likawa linaingia hadi wodini, na daktari alikubali wajaribu ndago mvua zikianza. Mbegu yote ilikuwa kwenye kitalu kile kimoja.

Mama mkwe wake akaja kusalimia. Mama huyo hajui kukaa bure. Mkamwana aliporudi kutoka kazini alimkuta ananawa mikono, uso umemchangamka.

"Mwanangu, ndago zilitaka kukumaliza! Nimekusafishia."

Kitalu kilikuwa cheupe. Ndago zilitandazwa juu ya bati, mizizi juu, udongo umekung'utwa, zimeshinda juani. Ndivyo anavyoua gugu mtu anayeijua kazi.

Mama mkwe hafokewi. "Ahsante, mama," alisema, akaingia jikoni, akasimama tu mbele ya sufuria tupu.

Mumewe ndiye aliyepasua jipu. "Mama, umeng'oa kazi yake."

"Kazi gani? Ndago?"

"Ndago."

Mama akageuka kulitazama bati. "Sasa si mngeniambia! Nani ataota kwamba ndago inapandwa?" Akavuta beseni. "Lete maji. Na wewe mkamwana, toka huko jikoni, hakuna msiba."

Wakakaa wawili, wakiloweka na kupasua mashungi. Mama mkwe alibinya kila shina kwa ukucha.

"Hii imekwenda. Hii bado inajidai."

Nyingi zilikuwa zimekwenda. Zilizoshika hazikutosha uwanja. Mvua zilipoanza, zilienea ukanda mmoja tu, chini ya madirisha ya wodi ya wazazi. Kwingine kutangoja mashungi haya yazae. Mama mkwe aliahirisha safari, akabeba miche mwenyewe.

"Bibi, unatuletea magugu?" muuguzi alimtania.

"Nyamaza, binti. Hapo unapokanyaga ndipo nachimba."