Kiatu Alichokitembeza Redio

Dada yangu hana kifua. Mwambie siri asubuhi, mchana utakuja kusimuliwa wewe mwenyewe na mtu usiyemjua, tena imeshatiwa chumvi. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Redio. Ni msusi. Saluni yetu ina viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni. Mimi naosha vichwa, yeye anasuka na kutangaza.

Sasa huyo ndiye aliyeshtakiwa na serikali kwa kunyamaza! Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo haijanishuka.

Mume wake wa zamani alikuwa fundi friji. Walikuwa wameachana muda mrefu alipokamatwa, ikabainika kwamba alikuwa akiua wanawake, mmoja baada ya mwingine, majumbani alikoitwa kutengeneza. Akafungwa maisha. Sawa, na aozee huko. Lakini kabla ya kwenda akawaambia polisi kwamba wakati ule wa ndoa mkewe alikiona kiatu cha marehemu wa kwanza, chekundu, mguu mmoja, kwenye sanduku lake la vifaa. Basi wakasema Redio alijua, akaficha. Akipatikana na hatia, ni miaka saba ndani.

"Mama, hukuficha, ulidhani ni cha hawara," wakili wetu akamwambia. "Lakini mtaa mzima umeshawaambia polisi kwamba wewe unajua kila kitu. Itabidi tuoneshe mahakama kuwa hujui kitu, unajisemea tu."

Redio akavimba. "Mimi sijui kitu? Mimi? Bora nifungwe!"

"Fungwa basi," nikamwambia. "Wanao watatu nitawalea kwa maji ya kuoshea vichwa?"

Akaninunia hadi siku ya kesi.

Mwendesha mashtaka alianza kwa mbwembwe. "Mheshimiwa, mwanamke anayejua mimba za watu kabla ya daktari, anaweza kweli kushindwa kujua kwamba analala na muuaji?" Watu wakaguna. Hata mimi, nisiseme uongo, niliwahi kujiuliza hivyo hivyo.

Wakili wetu akamwita muuza nyama, akaeleza jinsi Redio alivyomtangazia kifo. "Watu walikuja wanalia, nikawafungulia mlango mwenyewe."

"Ulikuwa mgonjwa sana!" Redio akapiga kelele kizimbani.

"Nilikuwa na mafua!"

"Mshtakiwa, tulia," akasema hakimu.

Akafuata muuza mitumba, mwanamke mnene asiyependa mchezo. "Huyu alinijia sokoni na hicho kiatu, akaniamuru nivae. Nikamwambia mimi mumeo simjui hata kwa sura. Akanivua wigi mbele za watu!"

"Kiatu kilikutosha?" wakili akauliza.

"Kitanitosha wapi? Mguu wangu huu!" Akataka kuuinua, wakamzuia.

"Aliwavalisha wangapi?"

"Uliza nani hakuvalishwa. Hata karani wenu huyo hapo alivaa."

Hakimu akavua miwani. "Karani, ni kweli?"

Karani aliangalia meza yake. "Mheshimiwa... kilinibana."

Jamani! Tulicheka mpaka askari wa mlangoni akageukia ukutani. Wakaendelea kuja: fundi cherehani alivaa, mwalimu wa shule alivaa, hata mke wa mwenyekiti wa mtaa alivaa. Mtaa mzima ulikiona kiatu, mtaa mzima ulicheka, na hakuna aliyeuliza mwenyewe yuko wapi.

Mwisho Redio akaulizwa yeye. Nikamkazia macho nikimwomba, dada yangu, leo tu usijitie ujuaji.

"Niliona kiatu cha mwanamke kwa mume wangu," akasema. "Wivu ukanipanda. Nilikuwa natafuta mguu, nikiupata nimng'oe nywele mwenye mguu. Sikujua. Nilidhani najua, lakini sikujua."

Hakimu akasema mtu anayeficha kitu hawavalishi majirani. Kukosea si kosa la jinai. Nenda nyumbani, mama.

Vigelegele! Tulitoka nje tumemzunguka, naye keshaanza. "Niliwaambia mimi! Nilijua tu nitashinda!"

Kwenye ngazi alisimama mama mmoja wa makamo. Tulimjua kutokana na kesi ya shemeji: mama wa yule wa kwanza, mwenye kiatu. Nilijiandaa, akimrukia dada yangu nimzuie.

Hakumrukia. Aliuliza taratibu, "Ulipita nacho hadi wapi?"

"Hadi sokoni," Redio akajibu. "Halafu barabara ya kwenye pampu ya maji."

"Mimi nakaa nyuma ya pampu. Ungegonga, ningekwambia cha nani. Wangu alikuwa keshakufa. Lakini waliomfuata, hao wangekuwa kwao sasa hivi."

Nikataka kusema mahakama imeshaamua. Nikataka kusema si yeye aliyeua. Yote ni kweli.

"Kwa nini hukufika?" mama yule akauliza.

Nilimwona dada yangu akitafuta la kusema, yeye ambaye hatafutagi.

"Miguu ilikuwa inaniuma," akasema. "Nikakitupa jalalani pale pale, nikarudi nyumbani."