Wimbo wa Komeo

Bi Tunu wa Mtoni, kando ya Mto Kizinga, alikuwa muuza mihogo ya kukaanga kama wauza mihogo wengine, ila kwa hadithi alikuwa na jina. Watoto wa mtaa waliganda mbele ya karai lake mpaka mama zao waje kuwavuta masikio. Waliyoipenda zaidi ni ya zimwi. Humo, mama mmoja akienda kuni alimwacha binti yake ndani, na akirudi alimwimbia mlangoni:

*Komeo lala, komeo amka,*
*mie ni mama, niko peke yangu.*

Siku moja zimwi likaja, likaimba vilevile, ila kwa sauti nzito ya kukwaruza.

"Mkiisikia sauti hiyo msifungue!" Bi Tunu aliwaonya, macho kayatoa. "Ingieni mvunguni mwa kitanda, mnyamaze." Watoto walikojoa vitandani kwa hofu, mama zao wakaja juu, yeye akacheka tu.

Mjukuu wake Najat, wa darasa la kwanza, ndiye aliyekuwa mchokonozi. "Bibi, kwa nini anasema yuko peke yake? Si angesema tu mie ni mama?"

"Ndivyo wimbo ulivyo. Kula mhogo wako."

Swali hilo Bi Tunu hakulipenda hata kidogo. Kila likiulizwa, mihogo iliungua.

Masika haya mafua yalimshika vibaya, sauti ikamkauka. Mchana mmoja mvua ilipopungua alitoka kwenda duka la dawa, akamwambia Najat aweke komeo. Mvua ikarudi kwa hasira, na alipokuwa anarejea alikuta mto umetoka kwake umeingia mtaani. Maji yalimfika magotini, yamebeba ndoo na ndara za watu. Akakaza mwendo huku akilia.

Nyumba yake ilikuwa na ngazi mbili, na maji yalishaanza kupita chini ya mlango. Mlango wa chuma, na dirisha la pekee lilikuwa limezibwa kwa bati. Akagonga.

"Najat! Fungua, mie bibi!"

Sauti iliyomtoka ilikuwa ya zimwi lenyewe. Ndani akasikia miguu midogo ikichapa maji, kisha kitanda kikalia. Mtoto ameingia mvunguni, kama alivyofundishwa, na maji yanamfuata hukohuko.

Adelard, jirani yake mchomeleaji, akaacha kuokoa godoro lake akaja kuupiga mlango teke. Najat akapiga yowe. Adelard akapiga teke la pili, mlango haukutikisika.

"Mama, huu niliutengeneza mwenyewe," akasema, uso umemshuka. "Hauvunjiki."

Bi Tunu akaweka mdomo kwenye tundu la kitasa, akaimba. Alipofika *niko peke yangu*, Najat akalia kutoka mvunguni: "Muongo! Hauko peke yako! Nimemsikia mwanaume!"

Bi Tunu akaegemeza paji la uso kwenye chuma. Wimbo ule haukutoka kwenye hadithi yoyote. Aliutunga mama yake Bi Tunu, na *niko peke yangu* maana yake ilikuwa baba yako hayuko nyuma yangu, fungua. Baba akinywa gongo alipiga chochote chenye roho. Kisha akaujua wimbo. Siku moja akamkaba mama koo, akamlazimisha aimbe, na sauti ikatoka nzito, ya kukwaruza. Tunu mdogo akafungua. Mama yake hakuunyoosha tena mkono wa kulia mpaka anazikwa. Pembe na mkia wa zimwi Bi Tunu aliviongeza ukubwani, ili awe na kitu cha kuchekea.

Akaacha kuimba.

"Najat, ni kweli, siko peke yangu. Niko na Adelard, kalowa chapachapa. Sauti imeharibika kwa mafua. Na mie naogopa, mjukuu wangu. Naogopa sana."

Maji yakapanda shubiri nzima mlangoni. Adelard alifungua mdomo aseme kitu, Bi Tunu akamfinya mkono.

"Zimwi halisemagi hivyo," sauti ndogo ikasema, karibu kabisa na mlango. Komeo likalia.

Jioni walikuwa kwenye darasa walikohifadhiwa watu wa mafuriko, Najat kajifunika kanga ya kuazima.

"Bibi, zimwi lilikuwa nani?"

Bi Tunu alitaka kumwambia ale mhogo wake, ila mhogo haukuwepo.

"Baba yangu."

Najat akamsogelea. "Lilikufa?"

"Alikufa zamani. Ila mie mlango ukigongwa, mpaka leo natetemeka."

Mtoto akavuta kamasi.

"Basi ukigongwa," akasema, "mie ndo ntakuwa naenda kufungua."