Vigingi Saba Tanurini

"Bibi, hukuogopa?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa na miaka minane, siku ile kinyozi aliponisimulia kisa chote huku ananinyoa. Bibi alikuwa ameinama anachochea moto. Akanijibu, "Toka hapo, utaungua."

Zamani hapa palikuwa njia panda tu. Malori yalisimama kupoza injini, madereva wakanywa maji, wakaondoka. Bibi, mjane wa miaka ishirini na sita mwenye watoto wawili, akaona matumbo yenye njaa yanampita hivi hivi. Akajenga tanuri la matofali, akaanza kuoka mikate. Madereva nao wakaanza kulala hapa. Fundi baiskeli akaja kukaa jirani yake, halafu kinyozi, halafu fundi nguo na cherehani zake mbili.

Serikali ilipoamua kujenga mji, ikauchora kule mlimani kwenye upepo mzuri. Amri ikatoka: wote wa njia panda wahame, na tanuri livunjwe barabara ipite.

Wote wakahama. Bibi akabaki.

Mpima ardhi, waliyempachika jina la Bwana Ramani, akaja kupigilia kigingi mbele ya mdomo wa tanuri. Kesho yake hakipo. Akapigilia cha pili. Nacho hakipo! Cha saba kilipotoweka, alikuja na askari wawili na ndoo ya maji.

"Mama, unachoma mali ya serikali!"

"Basi serikali iache kuniletea kuni."

"Leo nauzima huo moto."

"Uzime. Ila hao," akawaonyesha madereva waliopanga foleni, "utawaeleza wewe watakula nini."

Dereva mmoja akapiga honi. Wengine wakafuata, masikio yakaziba. Bwana Ramani alisimama na ndoo yake mpaka mkono ukamchoka, akaiweka chini. Askari mmoja, bila hata aibu, akauliza, "Mkate mmoja bei gani?"

Kule mlimani barabara zilikuwa pana, wateja hakuna. Nani apandishe lori la mzigo mlimani kufuata kunyolewa ndevu? Kinyozi mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudi, kioo kichwani. Mwaka uliofuata Bwana Ramani akachora mji upya, akaanza kupima kutoka kwenye tanuri la Bibi. Kwenye ofisi ya serikali iliyojengwa kule mlimani siku hizi wanalala mbuzi. Nimekwenda kuwaona kwa macho yangu.

Kitabu chetu cha shule kinasema mji huu ulianzishwa na idara ya upimaji. Sasa nina miaka kumi na sita, na mwezi uliopita nilimsomea Bibi ukurasa huo kwa sauti, nikitaka akasirike. Alicheka hadi akakohoa.

"Wewe uliwahi kuniuliza kama sikuogopa," akasema. "Niliogopa, mjukuu wangu. Lakini unga ulikuwa umeshaumuka. Ningeupeleka wapi?"