Simu za Asubuhi kutoka Handeni

Nilitoka Sumbawanga kwa mabasi ya kuunganisha, nikalala Mbeya, nikalala Morogoro, na nilipopita Segera miguu ilikuwa imevimba hata viatu havifungiki. Tangu nimalize kidato cha nne sijakaa sana mji mmoja. Nafuata kompyuta ambazo wengine wamezikataa.

Ya safari hii ilikuwa Korogwe, kwenye chumba cha pampu za maji, ikiendeshwa na Unix, mfumo wa zamani ambao hata waliouunda wameshauacha. Kazi yangu ilikuwa kuiwekea programu mpya ya seva, ya kupeleka vipimo kwenye kompyuta ya Handeni, ili kule waone wenyewe maji yakitumwa. Mama aliyetunza tangi kule alikuwa akipiga simu kila asubuhi kuuliza. Akichelewa kufungua koki, watu wanashinda na ndoo tupu.

Programu ile iliandikwa kwa mashine za leo. Kila nilipojaribu kuiweka, Unix ilikataa: hiki sikijui, kile sina. Nikawa naandika mwenyewe vipande vya programu visivyokuwepo, kimoja kimoja. Kilole, mtaa wa Korogwe nilikopanga chumba, sikujuana na mtu. Siku nyingi sauti pekee iliyoniita ilikuwa ya yule mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Umeamkaje? Umekula? Hilo zee lako limekubali?"

"Bado limenuna."

"Libembeleze. Ndiyo maana huoi, hujui kubembeleza!"

Ndipo aulize habari ya maji.

Hatimaye seva ikawaka, lakini kompyuta ya Handeni ikawa inatupa kila kipimo, ikidai ni cha zamani. Nikampigia.

"Linaonyesha saa ngapi hilo zee?" akauliza.

"Mbili na dakika kumi."

"Na hapa ukutani ni saa mbili na dakika kumi, asubuhi hii. Sasa kosa liko wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameiwekea mashine saa za Kiswahili, ikaandika 02:10 badala ya 08:10. Kompyuta nyingine zote zilikuwa saa sita mbele yake.

"Basi hilo ndilo lenye akili," alisema. "Zenu ndizo zimepotea."

Nikarekebisha saa. Nikamsikia akipiga kelele, "Nayaona! Nayaona yanakuja!"

Asubuhi iliyofuata simu haikuita. Wala ya pili yake. Nikapiga mimi.

"Fundi, kuna tatizo?"

"Hakuna, mama. Nilitaka kukuamkia tu."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nikafungue koki, maji yamefika."

Juma lile lile nilirudisha ufunguo wa chumba, nikapanda basi la Moshi, ambalo halipiti Handeni.