Nilidhani mbegu zikigandishwa mtoto huzaliwa baridi: yaliyonikuta kabla ya chemo ya mwanangu

Wakuu, salamu kutoka Maskati. Haya ni ya kweli, chumvi nimetia kidogo tu ya kunogesha.

Nianze na uvumi.

Jamaa mmoja kazini kwetu Ansab alituhakikishia kuwa mtoto wa mbegu zilizogandishwa huzaliwa na damu ya baridi. Eti yupo mmoja kule Sidab, jua la mwezi wa saba yeye kavaa sweta, na akikaa karibu na ndoo maji yanapoa.

Nikaamini. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, cheti nimekitundika sebuleni kikubwa kuliko televisheni.

Sasa mwanangu Nassor, miaka kumi na sita, akagundulika ana saratani ya tezi za limfu. Daktari wake, mama mmoja mpole, akaniita pembeni. Chemo inaanza Jumapili. Dawa hizi zinaweza kuua mbegu za uzazi, pengine kwa maisha yake yote. Kwa hiyo kabla hajaanza, atoe sampuli maabara, igandishwe, imngojee mpaka akioa.

"Zungumza naye, baba. Tukishaanza dawa, nafasi imepita."

Hapo ndipo niliposhindwa.

Kwetu sisi wa asili ya Unguja, baba haongei mambo hayo na mwanawe. Ni kazi ya babu, maana babu na mjukuu ni watani. Nikaingia wodini nimejipanga, nikatoka nimemuuliza habari za mpira. Nikarudi, nikamuuliza kama AC inampiga. Jasho lilinitoka la kujaza birika.

Na ule uvumi nao ukanipa kisingizio. Nikamwambia mke wangu, "Wajukuu wa barafu wa nini?"

Akampigia simu baba yangu, anayekaa Sib.

Mzee akaja, hata kiti hakukalia.

"Ewe mume mwenzangu," akamwambia Nassor, "bibi yako keshakuchagua wewe, mie nshachakaa. Basi usituaibishe. Kuna shughuli maabara, umeambiwa?"

"Nshaambiwa, babu. Daktari kanieleza tangu juzi, na mie nimekubali. Nangoja baba aseme ndiyo, lakini kila akiingia ananiuliza mpira."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mwanangu ndiye mgonjwa, na siku zote hizo ndiye aliyekuwa akinisitiri mimi.

Alhamisi tukaenda maabara, sampuli ikahifadhiwa. Jumapili chemo ikaanza.

Wazazi wenzangu, ulizeni mapema, kabla ya dripu ya kwanza. Kwa mtoto ambaye hajabaleghe mambo ni tofauti, daktari atawaeleza. Ila aibu yako usimtwishe mwanao. Mimi bado naona haya hata kuandika.

Waliopitia haya, semeni hapa chini. Kunicheka pia ruhusa.

Na ile habari ya barafu? Nilimuuliza Nassor kwenye gari, tukitoka maabara. Akanijibu taratibu, bila kucheka:

"Baba, baridi inazilaza tu. Siku ya kutumika zinayeyushwa, na mtoto anakuwa na joto kama mie na wewe."