Kompyuta Iliyovishwa Kanzu

Enzi zetu sisi tuliokulia Jeddah, kitu kipya hakikubanduliwa nailoni. Wa rika langu mtanielewa. Rimoti ya televisheni ilikaa ndani ya nailoni mpaka namba zake zikawa hazisomeki. Makochi yalikuwa bado yamevaa nailoni ya dukani, na mgeni akiinuka yalitoa sauti ya kumtia aibu mbele za watu, nasi watoto tukiumana midomo tusicheke. Sababu ilikuwa moja tu: kila kitu kilikuwa cha kwenda nyumbani, Mombasa. Baba alikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Safa, sisi tukikaa Al-Mahjar, vyumba viwili na jiko, na kila ikama yake, kile kibali cha kukaa, ilipokaribia kwisha alisema, "Mwakani twarudi." Mama naye alikuwa na lake: "Kitunzeni, kifike kipya."

Kompyuta ilitujia nilipokuwa na miaka kumi na miwili. Watoto wa bosi wa Baba walikuwa wamenunuliwa mpya, Baba akaambiwa achukue ile ya zamani. Mimi na mdogo wangu Feisal tuliipokea kwa vigelegele. Mama hakupiga kigelegele. Aliitazama, akalitazama vumbi la dirishani (Jeddah ile, ukipangusa meza asubuhi, adhuhuri waandika jina lako juu yake), kisha akafungua cherehani. Siku ya pili kompyuta ilikuwa na kanzu: nailoni nzito inayoonyesha ndani, imepigwa pindo la lesi nyeupe, imelifunika sanduku lote juu hadi chini, na tundu moja mbele la kuwashia na jingine nyuma la kupitishia nyaya. Wageni waliisifu. Mama alijidai wiki nzima.

Mchezo wetu ulikuwa wa mpira wa miguu. Ila kompyuta yenyewe haikuwa na nguvu za kuuchora, wachezaji walijikokota kama wametoka kula biriani. Mjomba Salim, kakake Mama, alikuwa akifanya kazi kwenye duka la kompyuta Riyadh, na alipokuja kututembelea alituletea kadi ya picha, kile kibamba chenye feni yake ndogo kinachoingia ndani ya sanduku na kuichorea skrini michezo. Alikibeba kwenye mkebe wa tende, amekizungushia taulo. Akakichomeka, akatuwekea na CD yake ya programu, akanywa chai, akarudi zake Riyadh kwa basi.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Asubuhi yake Mama alipangusa nyuma ya meza, akachomoa nyaya na kuzirudisha alivyozizoea, na mchezo ukawa ukifunguka unajifunga hapo hapo. Tukampigia Mjomba.

"Waya wa skrini mumeuchomeka wapi?"

"Pale pale pa zamani, Mjomba."

"Basi muwabisha hodi nyumba siyo! Utoeni hapo, utieni kwenye kadi yenyewe."

Tukauhamisha, na wachezaji wakakimbia. Nyasi tuliziona jani kwa jani. Feisal aliruka juu ya kochi mpaka nailoni ikapasuka, akala kofi lake, wala hakujali.

Furaha ile ilidumu dakika kumi na tano. Kipindi cha pili kilipoingia tu, skrini ilijaa michirizi ya kijani na waridi, wachezaji wakaganda mguu juu, na mtangazaji akakwama kwenye neno moja, "go-go-go-go-go," mpaka uchomoe waya ukutani. Ukiwasha tena papo hapo, inaganda mapema zaidi. Mwezi mzima tulicheza mpira bila kusikia filimbi ya mwisho hata mara moja. Mimi naongoza, inaganda. Feisal anaongoza, inaganda. Hakukuwa na mshindi katika nyumba ile, kulikuwa na ugomvi tu.

Na hatukukaa kitako kungoja bahati. Mjomba alitufundisha kwa simu kuichomoa kadi na kuirudisha, isije ikawa imelegea. Tukairudisha mara nne. Akasema yale meno yake ya rangi ya dhahabu yasuguliwe kwa raba ya penseli. Niliyasugua kwa raba yangu ya shule mpaka raba ikaisha. CD yake tukaiweka upya. Feisal akaisomea Ayatul Kursi na kuipulizia. Kila tukimaliza, Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake mkononi: "Mumemaliza? Haya, mvisheni." Nasi, watoto wenye adabu, tukaivisha.

Alhamisi moja Baba alikuwa amejinyoosha baada ya kazi, na ile "go-go-go" ikamwamsha. Alitoka chumbani na shuka kiunoni.

"Halas, imetosha! Mashine hii ni mbovu. Jumamosi lori laja kuchukua mizigo ya kontena, na hii itapanda. Huko nyumbani fundi hakosekani."

Kwetu sisi, kitu kilichopanda kontena kilikuwa kimekufa. Friji ilipanda, seti ya sufuria ikapanda, hata baiskeli yangu ilipanda, na vyote vilikuwa vimefungiwa chumba kimoja kwa Bibi huko Mombasa, ndani ya maboksi yao. Feisal alilia. Mimi nilijifungia bafuni nikafungua maji ili nisisikike. Maana Feisal alikuwa na kwengine pa kuchezea: alishuka chini kila alasiri na wenzake, wakapiga mpira kati ya magari mpaka magharibi. Mimi mwaka ule nilikuwa nimeshakatazwa kushuka. Msichana mkubwa, nikaambiwa, akae ndani. Uwanja wangu ulikuwa umebaki ule wa kwenye skrini, na Jumamosi ulikuwa unapakiwa kwenye lori.

Ijumaa asubuhi Mama aliivua kompyuta kanzu akaniambia nikaifue, maana haiwezi kusafiri na vumbi. Nikaifua, nikaianika darini. Feisal akabaki anapiga penalti za mazoezi, kwaheri ya kuonana. Jua la Jeddah halichelewi, lakini nilikaa huko juu na ndoo yangu na huzuni yangu kama dakika arubaini, na niliporudi bado alikuwa anapiga penalti. Haikuganda. Nikadhani dua yake imekubaliwa. Tukaivisha, tukala mahamri na mbaazi, Baba akaenda msikitini na kurudi, tukakaa kucheza mechi ya mwisho. Dakika kumi na tatu: michirizi, mguu juu, go-go-go.

Nikaweka mkono juu ya nailoni, kwa uchungu tu, kama mtu anavyomshika mgonjwa wake. Ilikuwa ya moto. Nikaupenyeza mkono ndani nyuma, pale feni zinapotolea pumzi, nikautoa mbio. Sikuhitaji Mjomba wa Riyadh kuniambia neno. Zamani mashine ilikuwa haina cha kuchemsha, ikavumilia. Sasa tumeitia kadi inayofanya kazi kama punda, halafu tumeiziba pua. Nilijua pia kwamba jina la ugonjwa huo ni kanzu ya Mama.

Tulisukumana mlangoni mwa jiko nani aseme. Nikasema mimi.

"Mama, samahani. Kompyuta si mbovu. Inakosa hewa. Ni… ni hiyo nguo."

Mama akageuka polepole. "Nguo niliyokesha nikiishona?"

"Ndiyo, Mama."

Alifuta mikono, akatupita, akaingiza kiganja chake chini ya nailoni. Mama alikuwa mtu wa mafuta ya mahamri, moto haumtishi, lakini nilimwona amekunja uso. Nikangoja kofi.

"Hata mtu mwenye homa huvuliwa nguo," akasema. "Munaniangalia nini? Mwiteni baba yenu." Na akaivua kwa mikono yake mwenyewe.

Baba alikaa kwenye kochi na saa mkononi kama refa. Masharti yake: mechi nzima, kipindi cha kwanza na cha pili, ikiganda halas, asisikie kilio cha mtu. Mama akasimama nyuma yake na kipepeo cha mkaa, akilipepea lile sanduku lisilo na nguo.

Kipindi cha kwanza Feisal alinifunga. Dakika ya kumi na moja kwa saa ya Baba nikasawazisha. Ya kumi na tatu hakuna aliyepumua. Ya kumi na tano ikapita, na nikaona Baba hatazami tena saa. "Pasi! Toa pasi, mwanangu! Yalla, yalla!" Alikuwa ameshasimama. Yule mtu aliyetaka kuupakia uwanja wangu kwenye lori alikuwa ananielekeza mimi, si Feisal, mimi, nipenye upande wa kushoto. Nikapenya. Nikapiga. Mtangazaji akasema "gooooool" na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akalimaliza neno lake.

Mbili kwa moja. Na filimbi ikalia! Mama alitupa kipepeo akapiga kigelegele, jirani akagonga mlango kuuliza nani kaolewa. Baba alinibeba begani, mimi msichana mkubwa, akanizungusha chumba kizima. Jumamosi lori lilikuja, likachukua maboksi yake, likaenda zake. Kompyuta ilibaki ikiwa uchi, vumbi tukalipangusa, na tuliicheza mpaka herufi za kibodi zikafutika.

Leo naishi Riyadh, na mwanangu ana kompyuta yenye taa za rangi saba na feni sita zilizo wazi. Ikimgandia hasugui kitu kwa raba. Anauliza simu yake, anaagiza kifaa kipya, kinaletwa mlangoni kabla wali haujaiva. Juzi nilimsikia akipiga ukelele chumbani kwake peke yake. Nikaenda mbio, hofu yangu ya zamani ya kugandiwa imenipanda kichwani.

"Nimeshinda, Mama!" akasema, akitoa sikio moja kwenye vile visikizio vyake.

"Mashallah! Umemfunga nani?"

Akanitazama kama nimeuliza swali gumu.

"Sijui. Mtu tu."

Nilisimama pale mlangoni namwonea huruma, na yeye ananionea mimi. Mtu tu! Mimi nilimfunga mjomba wake, Feisal, mbili kwa moja, Al-Mahjar, baba yangu akinipigia kelele na mama yangu akipepea, na mpaka leo Feisal akinipigia simu kutoka Jeddah nikilitaja bao lile, husema mtandao unakatika.